Nguvu za Kiume Haziuzwi Mtaa wa Kongo

Wiki hii naomba uniazime sikio kwa jambo ambalo wanaume wa jiji hili hulisema kwa kelele wakiwa kijiweni, na kulinyamazia kabisa wakiwa mbele ya daktari. Nazungumzia nguvu za kiume. Kama watoto wako karibu na redio usiwafukuze, maana sitatumia lugha ya kukuaibisha. Kama mzee yuko karibu, mwite asogee.

Kazi yangu hunifikisha Feri mara kwa mara, na huko nimejifunza kwamba soko la samaki ni shule ya mambo mengi. Alfajiri mashua zinapotia nanga mnada huanza, na pweza hana muda wa kukaa chini. Ananunuliwa, anachemshwa, anakatwakatwa, na jioni unamkuta kwenye meza za mitaani mjini kote, supu yake ikitolewa kwenye vikombe pamoja na ndimu na pilipili. Wanywaji ni wanaume watupu, na mzaha wao ni ule ule: leo mama watoto atanitambua. Panda kutoka Feri hadi Kariakoo, utakutana na vijana wenye sinia za mihogo mibichi, nazi na karanga, na mzaha ni huo huo. Ingia Mtaa wa Kongo na mitaa inayouzunguka, utaonyeshwa mizizi, magome, asali iliyochanganywa na kitu ambacho hakitajwi, na ule unga maarufu unaoitwa vumbi la Kongo.

Sina ugomvi na pweza. Pweza ni chakula kizuri, ana protini nyingi na madini ambayo mwili unayahitaji, yakiwemo ya zinki. Karanga ni chakula, nazi ni chakula. Swali langu ni jingine. Kwa nini mji wenye wanaume wengi namna hii, wenye misuli ya kubeba magunia na kusukuma mikokoteni, una biashara kubwa kiasi hiki ya kuuza nguvu? Na huyo anayenunua kila jioni, je, anajua anachokitafuta kinatengenezwa wapi?

Tuanze hapo. Nguvu inayozungumzwa sana, ile inayompa kijana ndevu na sauti nzito, inayojenga misuli na mifupa na kuleta hamu ya tendo la ndoa, inatokana na homoni iitwayo testosteroni. Sehemu kubwa yake hutengenezwa katika korodani, lakini amri hutoka kwenye ubongo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotuma ujumbe kupitia damu kwamba mzigo unahitajika. Korodani zikipokea ujumbe huo, hutengeneza. Homoni ikitosha, ubongo unapunguza amri. Ikipungua, unaongeza. Ni kama tajiri wa duka na kiwanda chake: mali ikijaa stoo, hatoi oda mpya.

Ndugu msikilizaji, shika mfano huo wa stoo, maana tutaurudia.

Tamaa ya kuingiza nguvu kutoka nje haikuanzia Kariakoo. Mwaka 1889 bingwa mmoja wa tiba, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika bahari hii hii yetu ya Hindi, alisimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Paris akiwa na umri wa miaka 72. Akawatangazia kwamba amejidunga sindano za maji yaliyotokana na korodani za mbwa na za wanyama wadogo, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Habari zikaenea duniani kama moto wa makuti, na watu wakakimbilia sindano hizo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2002, watafiti wa Australia waliitengeneza upya dawa ile kwa kufuata maelezo yake mwenyewe. Wakakuta homoni iliyokuwamo ni kidogo mno, haiwezi kumfanya mtu lolote. Mzee yule hakuwa tapeli. Aliamini, na kuamini kukampa nguvu kwa muda.

Basi anayekunywa kikombe cha supu akajiona simba usiku ule, nami sitamwita mwongo. Imani ina kazi yake. Lakini imani haitengenezi homoni, na asubuhi ikifika, tatizo lililompeleka kwenye supu bado limelala naye kitanda kimoja.

Sasa mwili unatengeneza vipi homoni hii kwa wingi wake wa kawaida? Jibu la wataalamu halina maajabu, na labda ndiyo maana halina soko. Unalala, unakula vizuri bila kupitiliza, unautumikisha mwili, unapunguza pombe, na unatibu maradhi uliyonayo. Tuyachukue moja moja.

Usingizi kwanza. Kiwango cha testosteroni hupanda wakati mwanaume amelala, na hufikia kilele asubuhi. Ndiyo maana kipimo chake huchukuliwa asubuhi, na daktari makini hatahukumu kwa kipimo kimoja, atakurudisha siku nyingine upimwe tena. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitangaza matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolazwa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu, na vijana wenye afya zao. Vijana 10 ni wachache, lakini fikiria sasa mtu wa Feri anayeamka saa nane za usiku kuwahi mashua, akarudi Mbagala au Gongo la Mboto jioni kupitia foleni, akafika nyumbani saa tatu, na chumba chenyewe ni kimoja kwa watu sita. Mtu huyu anafanya hivyo kwa miaka. Anaambiwa na wenzake anywe pweza. Nani amewahi kumwambia kwamba anahitaji kulala?

La pili ni uzito. Hapa, ndugu zangu wa ofisini na wenye maduka, msizime redio. Katika mji wetu kitambi kimekuwa cheo. Mtu akinenepa tunampongeza kwamba maisha yamemkubali, na akikonda tunamuuliza kama anaumwa. Lakini mafuta yanayojaa tumboni hayakai bure kama mzigo ulioachwa bandarini. Yana kimeng'enya kinachobadilisha testosteroni kuwa homoni ya kike. Tena unene huvuruga zile amri za ubongo kwa korodani. Kwa hiyo kile tunachokiita dalili ya ubwana ndicho kinachoula ubwana wenyewe, sahani kwa sahani, chipsi mayai kwa soda, nyama choma kwa bia.

Habari njema ni kwamba mlango huu hufunguka pande zote mbili. Mwaka 2004 madaktari wa Naples, Italia, walitangaza matokeo ya wanaume 110 wanene waliokuwa wameishiwa nguvu. Nusu yao, yaani 55, walifundishwa kwa miaka miwili jinsi ya kula kwa kiasi na kufanya mazoezi. Mwisho wa muda huo, 17 kati ya hao 55 walikuwa wamerudi katika hali ya kawaida. Katika kundi la pili, lililopewa maelezo ya jumla tu, walikuwa watatu. Si wote waliopona, na sitakudanganya kwamba ni wote. Lakini 17 walipona kwa sahani na viatu.

Nimesema viatu, kwa sababu la tatu ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Kutoka Posta hadi Kariakoo kwa miguu, kupitia Mnazi Mmoja, ni chini ya nusu saa. Anayekwenda na kurudi siku tatu kwa wiki amelipa deni lake, wala hahitaji kulipia jimu. Mbeba mizigo wa sokoni yeye hana haja ya ushauri huu. Anachokosa ni chakula cha kutosha na kupumzika, maana mwili unaosukumwa bila kulishwa nao hupunguza homoni.

La nne ni pombe. Kuna methali za kusifu ulevi katika kila baa ya mjini, lakini korodani hazizijui. Pombe nyingi, iwe bia ya bei au gongo ya uchochoroni, huumiza korodani na ini, na huua hamu pamoja na uwezo. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi 2017, na ilifanya vema. Hata hivyo marufuku huondoa kifungashio tu. Kiu inabaki mikononi mwetu.

Sasa nirudi kwenye mfano wa stoo. Wapo vijana, hasa wale wa kunyanyua vyuma, wanaodungwa testosteroni ya dukani bila daktari ili wajaze kifua. Hebu jiulize: stoo ikijazwa mali ya kuletwa, tajiri atatoa oda kiwandani? La hasha. Ubongo unaona homoni imejaa, unaacha kutoa amri, korodani zinasinyaa, na mbegu za uzazi zinapungua au kwisha kabisa. Sikutishi. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuijaribu sindano hii kama njia ya uzazi wa mpango. Kati ya wanaume 271 waliodungwa kila wiki, 157 walifikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja. Yaani kijana anakwenda kununua uanaume, anauziwa uzazi wa mpango. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi, na wapo wanaosubiri zaidi ya hapo huku nyumbani mke akiitwa tasa na mawifi. Sindano hii ina wagonjwa wake halali, ambao mwili wao kweli umeshindwa kutengeneza, kwa mfano kwa kuumia au kwa matumbwitumbwi ya ukubwani. Hao wapewe na daktari, kwa vipimo.

Na zile poda? Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo kijiweni huchanganywa. Homoni huleta hamu. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu, neva na akili iliyotulia. Mwanaume anaweza kuwa na homoni tele na bado akashindwa, kwa sababu mishipa imeziba au ana mawazo ya kodi ya nyumba. Vile vidonge vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ambavyo sasa vinajulikana hadi vijijini, haviongezi homoni hata chembe. Vinafungua mishipa. Ni dawa nzuri kwa aliyepimwa. Lakini mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imetangaza mara nyingi kwamba bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu zilikutwa zimechanganywa dawa hiyo kwa siri. Mtu anayetumia dawa fulani za maumivu ya moyo, za aina ya naitreti, akimeza mchanganyiko huo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka ghafla akafa. Simtuhumu muuzaji yeyote wa Mtaa wa Kongo. Nasema tu kwamba unga usio na lebo hauwezi kukuambia una nini ndani, na wewe una moyo mmoja.

Ndugu msikilizaji, hadi hapa unaweza kudhani nazungumzia starehe. Nazungumzia uhai.

Mishipa ya damu ya sehemu za siri ni myembamba kuliko ile ya moyo. Ikianza kuziba kwa sukari, kwa shinikizo la damu, kwa mafuta au kwa sigara, ile myembamba ndiyo inayopiga kelele kwanza, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya moyo. Kuishiwa nguvu, basi, kunaweza kuwa king'ora. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kiasi cha watu 26 katika kila 100 wana shinikizo la juu la damu, na kiasi cha 9 katika kila 100 wana kisukari. Wengi hawakuwa wanajua. Na katika utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kwa wanaume wenye kisukari, uliochapishwa mwaka 2014, zaidi ya nusu yao walikuwa na tatizo la nguvu kwa kiwango fulani.

Sasa unganisha mambo. Mwanaume wa miaka 45 anaona mambo hayaendi. Anaona haya. Anakwenda kwenye supu, kisha kwenye mizizi, kisha kwenye unga. Miezi inapita, fedha zinakwenda, na sukari inaendelea kula mishipa, macho na figo kimya kimya. King'ora kimelia, naye amekitupia blanketi. Siku anayofikishwa hospitali amepooza upande mmoja, watu watasema amerogwa.

Hili ndilo linaloniuma. Sisi tumelifanya neno kliniki kuwa la mama na mtoto. Mwanaume hana siku yake, hana kadi yake, na akikaa kwenye benchi anahisi amepotea njia. Nawaomba wanaohusika na afya katika jiji hili: pelekeni mashine ya shinikizo na kipimo cha sukari Feri, saa ambazo mnada umekwisha na watu wanahesabu fedha zao. Pelekeni Kariakoo jioni. Msiandike bango la nguvu za kiume, maana hakuna atakayesogea. Andikeni pima moyo wako. Watakuja, na la pili watalisema wenyewe kwa sauti ya chini.

Wapo watakaoniuliza: mbona wazee wetu walizaa hadi uzeeni bila vipimo? Walizaa, ndiyo. Testosteroni hupungua kidogo kidogo kadiri umri unavyosogea, lakini kwa mtu mwenye afya haikatiki ghafla. Watafiti wa Ulaya waliwachunguza wanaume zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 hadi 79, na mwaka 2010 wakatangaza kwamba ni kama wawili tu katika kila 100 waliokuwa na upungufu wa kweli wa uzeeni, wenye dalili na kipimo pamoja. Kwa hiyo, mzee wangu, uchovu wako si lazima uwe homoni. Huenda ni kisukari, huenda ni huzuni, huenda ni kwamba hujazungumza na mama watoto tangu mwaka ulipoanza.

Na kabla hatujaifanya homoni hii kuwa mzani wa uanaume, nikupeleke kwa Wahadzabe na Wadatoga wa maeneo ya Ziwa Eyasi, huko kaskazini mwa nchi yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima testosteroni ya wanaume wa makabila hayo mawili. Kwa Wahadzabe, ambao baba hubeba na kulea watoto wake wadogo, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kazi hiyo ni ya mama, tofauti hiyo haikuonekana. Nani atathubutu kumwambia mwindaji wa Kihadzabe, anayeshinda porini na upinde wake, kwamba si mwanaume kwa sababu homoni yake imeshuka alipompakata mwanawe? Mwili wenyewe unajua kwamba kuna majira ya kusaka na majira ya kulea. Kushuka kidogo si ugonjwa. Kushuka kunakotokana na kujiharibu ndiko tunakoweza kukuzuia.

Nanyi akina mama, nina ombi kwenu. Ukimwona mwenzio amegeuka ukutani wiki ya tatu, usikimbilie kumwazia nyumba ndogo, wala usimsimulie shoga yako. Mwambie taratibu: baba fulani, twende tukapime sukari na presha, mimi nami nipime. Mkienda wawili, benchi la kliniki si refu tena.

Kwa upande wenu, akina baba, kunyweni supu ya pweza kwa sababu ni tamu. Tafuneni karanga kwa sababu zinashibisha. Lakini nguvu mnayoitafuta tayari ina kiwanda ndani yenu, na kiwanda hicho hakiombi uchawi. Kinaomba usingizi, chakula cha kiasi, miguu inayotembea, chupa chache, na vipimo viwili ambavyo havichukui hata dakika kumi.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo. Kwaherini.